Rubani na Waridi Lake: Maisha ya Antoine de Saint-Exupéry

Tangu tulipoisimulia hewani ile hadithi ya mtoto wa mfalme aliyeishi peke yake na ua la waridi, simu ya studio haijapumzika. Wengi mmeuliza kama yule mtoto alikufa au alirudi kwao. Wazee wawili walipiga wakiwa na hasira kwa sababu ya mibuyu, na hao tutawajibu huko mbele. Lakini ujumbe uliotukaa moyoni ulitoka kwa mama mmoja ambaye mume wake ameondoka kwenda kutafuta maisha mjini, na huu ni mwaka wa nne. Mama huyo aliuliza mtu anayemwacha mpenzi wake peke yake kwenye baridi, kisha akaenda kufundishwa mapenzi na mbweha njiani, anasifiwa kwa lipi.

Studio tulibishana. Mmoja wetu alisema mama ana haki, mwingine akasema hadithi ni hadithi. Tukakubaliana jambo moja: hadithi hii haieleweki vizuri bila kumjua aliyeiandika, kwa kuwa karibu kila kitu kilichomo kilimpata yeye mwenyewe, kuanzia jangwa na ndege iliyoharibika hadi mbweha, volkano na waridi lenye kikohozi.

Kwa waliokuwa shambani tulipoisimulia, ni hivi kwa ufupi. Rubani anaanguka jangwani na ndege yake, maji yaliyobaki ni kidogo. Alfajiri anaamshwa na mtoto anayemwomba amchoree kondoo. Mtoto huyo anatoka kwenye sayari ndogo kiasi cha nyumba, na huko ameacha waridi moja lenye maringo. Lilimchosha kwa madai na kujisifu, akaondoka. Amepita sayari sita zenye watu wazima wa ajabu: mfalme asiye na raia, mlevi, mhesabu nyota na wengine. Duniani anakutana na bustani ya waridi maelfu, analia kuona lake halikuwa peke yake ulimwenguni. Mbweha anamfundisha kwamba kiumbe huwa wako kwa muda na kazi uliyompa. Hapo ndipo mtoto anapotaka kurudi kwa waridi lake, na njia anayoichagua ni kuumwa na nyoka. Kulipokucha mwili wake haukuonekana mchangani.

Mwandishi ni Antoine de Saint-Exupéry. Jina hilo linatutesa hata sisi tuliosomea utangazaji. Mkitaka kulitamka, semeni Antuan de Sent-Egzuperi, inatosha. Alizaliwa Lyon, Ufaransa, tarehe 29 Juni 1900, mtoto wa tatu kati ya watano. Ukoo ulikuwa wa watu wakubwa, lakini fedha haikuwa nyingi. Baba alifariki mwaka 1904, Antoine hajatimiza hata miaka minne. Mama yao, Marie, aliwalea kwa msaada wa jamaa, na utoto wao mwingi ulipita kwenye nyumba kubwa ya kijijini iliyokuwa na bustani. Kwa mama huyo Antoine aliandika barua maisha yake yote, na ukizisoma unaona hakuwahi kutoka kabisa kwenye ile bustani.

Mwaka 1912, akiwa na miaka 12, alipanda ndege kwa mara ya kwanza katika uwanja uliokuwa jirani na nyumba yao. Ugonjwa huo haukupona tena.

Mwaka 1917 mdogo wake wa kiume, François, alikufa kwa homa ya baridi yabisi akiwa na miaka 15. Antoine alikuwa kando ya kitanda. Kijana yule hakupiga kelele, alimwaga kaka yake kwa utulivu na kumwachia vitu vyake vichache. Kumbukeni jinsi mtoto wa hadithi anavyoanguka taratibu mchangani bila sauti, akimwambia rubani asihuzunike. Sisi tunaamini kifo kile ndicho kinachoonekana tena pale.

Shule hatutaikawilia. Alijaribu kuingia chuo cha wanamaji akashindwa, akasoma usanifu wa majengo bila kumaliza, na mwaka 1921 akaingia jeshini ambako alipata leseni ya urubani. Kisha akampenda binti mmoja wa ukoo maarufu, Louise de Vilmorin, ambaye baadaye naye alikuwa mwandishi. Wakachumbiana. Mwaka 1923 Antoine alipata ajali ya ndege, na wakwe watarajiwa hawakutaka binti yao aolewe na mtu wa kufa hewani. Akakubali kushuka chini, akafanya kazi ya ofisini, baadaye akauza malori. Walioandika maisha yake wanasema kwa muda wote ule aliuza lori moja tu. Na uchumba ulivunjika vilevile. Ndege aliiacha kwa ajili ya mapenzi, akapoteza vyote viwili kwa wakati mmoja.

Mwaka 1926 aliajiriwa na kampuni ya Latécoère iliyosafirisha barua kwa ndege kutoka Toulouse, kusini mwa Ufaransa, kupitia Hispania na Casablanca hadi Dakar, Senegal. Msifikirie ndege za leo. Rubani alikaa kwenye upepo, kichwa nje, bila rada, akifuata pwani kwa macho. Injini ilikuwa na tabia ya kuzima njiani. Ukishuka kwa lazima jangwani, makabila ya Wamauri waliokuwa wakipigana na wageni wangeweza kukuua, au kukushika hadi walipwe fedha.

Mwaka uliofuata, 1927, alipelekwa kuwa mkuu wa kituo cha Cape Juby, mahali ambapo leo ni Tarfaya, kusini mwa Morocco. Alikaa huko karibu miezi 18. Makazi yake yalikuwa kibanda cha mbao kilichoegemea ngome ya Wahispania. Mbele ilikuwa bahari na nyuma mchanga usio na mwisho. Kazi yake ilikuwa kuwatafuta marubani walioanguka, na kuzungumza na machifu wa jangwani ili mateka waachiwe. Alijifunza Kiarabu kidogo, akanywa chai kwenye mahema yao, na taratibu wakamzoea.

Hapo Juby palikuwa na mtumwa mzee ambaye mabwana zake walimwita Bark, kama walivyowaita watumwa wote. Alikuwa mtu wa Marrakech mwenye jina lake na familia yake, aliyetekwa na kuuzwa. Kila mara alimwomba Mfaransa amfiche kwenye ndege. Saint-Exupéry asingeweza kumwiba mtu bila kuhatarisha kituo kizima, kwa hiyo yeye na wenzake walichangishana fedha, wakabishana bei na bwana wake, wakamnunua na kumpandisha ndege kwenda Agadir akiwa huru, na fedha kidogo mfukoni za kuanzia maisha. Bark alizunguka mjini siku nzima, hakuna aliyemhitaji. Mwisho akazimaliza fedha zote kuwanunulia watoto wa mtaani zawadi, viatu na vikuku, hadi wakamzunguka kundi zima. Wenye busara waliona amerukwa na akili. Saint-Exupéry aliona ni mtu aliyekuwa mwepesi mno kwa kukosa anayemtegemea, akajitafutia uzito. Alikiandika kisa hicho miaka kumi baadaye. Sisi tukikisoma tunamwona mbweha wa hadithi akija kwa mbali.

Na mbweha mwenyewe alikuwapo. Kutoka Juby alimwandikia dada yake kwamba anafuga mbweha wa jangwani, kale kadogo kenye masikio makubwa kuliko uso. Kalikuwa kakali na hakakuzoea watu upesi.

Mwaka 1929 kilitoka kitabu chake cha kwanza kuhusu marubani wa barua, na mwaka huohuo akapelekwa Argentina kusimamia safari za barua huko. Buenos Aires, mwaka 1930, ndipo alipokutana na Consuelo Suncín.

Mama uliyetuandikia, hapa ndipo jibu linapoanzia. Consuelo alizaliwa mwaka 1901 El Salvador, nchi ndogo ya Amerika ya Kati yenye volkano nyingi, katika mji ambao mlima Izalco ulionekana ukiwaka. Alikuwa mjane wa mwandishi kutoka Guatemala. Mwili wake ulikuwa mdogo. Alichora na kuchonga, na alikuwa fundi wa kusimulia. Alichosema leo kesho kilikuwa na mkia mpya. Alikuwa pia na ugonjwa wa pumu, na kikohozi chake kilijulikana kwa rafiki zao wote. Kwa maelezo ya Consuelo mwenyewe, siku ileile waliyojuana Antoine alimpandisha ndege na kumtaka busu huko juu, la sivyo angewaangusha wote. Alicheka alipolisimulia hilo uzeeni. Sisi tungemshauri binti yetu ashuke mapema.

Walioana Agay, kusini mwa Ufaransa, mwezi Aprili 1931. Mwaka huo kitabu chake cha pili, kinachohusu safari za usiku, kilipata tuzo ya Femina na jina lake likavuma. Ndoa, hata hivyo, haikutulia. Fedha ilipita mikononi kama maji. Mume alipotea wiki nzima angani, na nchi kavu alikuwa na wanawake wengine. Mke naye hakukaa akisubiri dirishani. Waliachana nyumba, wakarudiana, wakaachana tena, na barua kati yao hazikukoma. Baadhi ya jamaa za mume hawakumpenda mgeni huyu, na kwa miaka mingi walioandika maisha ya rubani walimtaja mkewe kwa mstari mmoja tu, kama mtu wa kelele.

Tarehe 29 Desemba 1935 Saint-Exupéry na fundi wake André Prévot waliondoka Paris kwenda Saigon, wakitafuta kuvunja rekodi ili wapate zawadi ya faranga 150,000. Alikuwa na madeni. Usiku wa manane uliofuata walipotea kwenye mawingu na ndege ikagonga uwanda wa jangwa, katika nchi ya Misri. Wote wawili walitoka wazima. Matangi ya maji yalikuwa yamepasuka. Kilichobaki ni kahawa kidogo, divai kidogo, zabibu na chungwa.

Walitembea mchana wakirudi kwenye mabaki ya ndege, kisha wakaamua kuyaacha. Waliona maziwa na miji isiyokuwapo. Alfajiri walitandaza kitambaa cha mwavuli wa ndege ili kikusanye umande, wakaukamua na kunywa, wakatapika. Katika hali hiyo Saint-Exupéry aliona nyayo za mbweha, akazifuata akiwa na kiu. Akagundua kwamba mnyama yule hula konokono wadogo walio kwenye vichaka, lakini haoneki akikimaliza kichaka kimoja. Huchukua wawili watatu na kwenda kingine, kana kwamba anajua kwamba akimaliza mbegu leo kesho atakufa njaa. Mtu anayekufa kwa kiu amesimama anasoma mchanga! Mfugaji yeyote anayetusikiliza atamwelewa mbweha huyo. Siku ya nne Mbedui mmoja akiwa juu ya ngamia aliwaona, akawapa maji. Saint-Exupéry aliandika kuhusu maji yale kwa namna inayofanya nawe ukatafute kikombe, na ndiyo maana kisima cha hadithi kina ladha ile.

Tukimbie kidogo. Mwaka 1938 alianguka Guatemala, akavunjika vibaya. Bega lake halikurudi sawa. Mwaka 1939 alichapisha kitabu cha kumbukumbu za jangwani na milimani kilichopewa tuzo na Akademia ya Ufaransa. Vita vilipoanza aliruka kupiga picha juu ya mistari ya Wajerumani, na Ufaransa iliposhindwa, Juni 1940, akawa mtu asiye na nchi. Siku ya mwisho ya mwaka huo alifika New York.

Hakujifunza Kiingereza. Wafaransa waliokimbilia huko walikuwa wamegawanyika makundi, yeye akakataa kujiunga na lolote na kwa hiyo akatukanwa na yote. Mwili uliuma. Consuelo alimfuata, wakaishi mara pamoja, mara mbalimbali. Kiangazi cha 1942 Consuelo alipata nyumba kubwa ya kupanga nje ya jiji, Long Island, na humo sehemu kubwa ya hadithi iliandikwa. Aliandika usiku kwa kahawa na sigara, akachora picha mwenyewe kwa rangi za maji, na saa nane za usiku aliwapigia rafiki simu awasomee ukurasa. Kitabu kilitoka New York Aprili 1943, kwa Kiingereza na Kifaransa. Alikitoa kwa heshima ya rafiki yake Léon Werth, mwandishi Myahudi ambaye wakati huo alikuwa amejificha Ufaransa, akiona baridi na njaa. Leo kipo katika lugha zaidi ya 300, na kwa Kiswahili kinaitwa Mwana Mdogo wa Mfalme, kilichapwa Dar es Salaam.

Sasa tazameni. Sayari ya mtoto ina volkano tatu, moja imezimika, na El Salvador ndiko kwa Consuelo. Waridi linakohoa, linajifanya linaumwa zaidi ya linavyoumwa, linasema uongo mdogo na kushikwa nao. Lina miiba minne tu ya kupambana na ulimwengu. Na mtoto anaungama kwamba alikuwa mdogo mno kujua kupenda. Alisikiliza maneno ya ua badala ya kutazama lilivyomfanyia. Msemaji wa maneno hayo ni mwanamume wa miaka 42 anayemwandikia mkewe kwa njia ya kuzunguka. Wapo wanaosema waridi ni mwanamke mwingine, au ni Ufaransa yenyewe. Sisi tunasimama na Consuelo, ambaye pia aliamini hivyo.

Kuhusu mibuyu, wazee wetu. Kwenye hadithi mibuyu ni magugu mabaya. Usipoing'oa ikiwa michanga, mizizi yake inapasua sayari. Mmekasirika kwa sababu kwenu mbuyu ni ubuyu wa watoto, kivuli cha baraza, na pengine mahali pa tambiko. Mna haki. Mwandishi alifika Senegal, nchi ya mibuyu, lakini alipita juu kwa ndege na barua zake. Wachambuzi wengi wanasema alimaanisha chuki ya Wanazi, ambayo watu waliiacha ikamea hadi ikawa kubwa ya kutong'oleka. Fikra nzuri, mti umeonewa.

Kitabu kilipotoka hakukaa kukisikia kikisifiwa. Mwezi huohuo wa Aprili alipanda meli kwenda Afrika Kaskazini kujiunga tena na kikosi chake cha zamani. Umri ulikuwa umempita mbali, na hakuweza hata kuvaa nguo za urubani bila kusaidiwa. Alipoharibu ndege mara moja walimweka chini kwa miezi. Akabembeleza wakubwa hadi akaruhusiwa safari chache, akazipitiliza. Consuelo alibaki New York. Kila Jumapili alimwandikia barua.

Asubuhi ya tarehe 31 Julai 1944 Saint-Exupéry aliruka peke yake kutoka Borgo, kisiwani Corsica, kwenda kupiga picha kusini mashariki mwa Ufaransa. Mafuta yalitosha hadi mchana. Mchana ulipita. Alikuwa na miaka 44, na kama mtoto wa hadithi yake, mwili haukuonekana.

Mwaka 1998 mvuvi mmoja karibu na Marseille alivuta nyavu zake, na kati ya uchafu wa baharini akaona bangili ya fedha. Alipoisugua likatokea jina la rubani, na kando yake jina la Consuelo. Watu wengi walisema ni uongo. Mwaka 2000 mpiga mbizi akaeleza kwamba ameona mabaki ya ndege chini ya bahari katika eneo hilo. Vipande vilitolewa mwaka 2003, na namba iliyokutwa kwenye chuma ikathibitisha kwamba ni ndege yake. Sababu ya kuanguka haijathibitishwa hadi leo.

Tulimpigia yule mama kumsomea haya kabla ya kuyaweka hapa. Alisikiliza kimya hadi kwenye bangili. Kisha akasema kuvaa jina la mke mkononi ni kitu, lakini hakulishi nyumba, na akauliza waridi lilifanyaje baada ya hapo, maana kwenye hadithi tunaambiwa habari za mtoto tu. Tukamwambia Consuelo aliishi miaka mingine 35, akachora na kuchonga, akafa Ufaransa mwaka 1979. Tukamwambia pia kwamba aliandika maisha ya ndoa yao kwa mkono wake, karatasi zikakaa sandukuni, na zilichapwa kuwa kitabu mwaka 2000 tu, miaka 21 baada ya kifo chake.

Mama akasema basi hicho ndicho tukisimulie. Tumekubali. Itakuwa Alhamisi, baada ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku.